Mama Yuko Edani, Kimbunga Kinakuja

Umm Salal, Doha
Ijumaa, 9 Novemba 2018

Kaka Abubakari,

Salamu kwako na kwa wifi. Shikamoo za Baba na Mama uzifikishe kabla hujaendelea kusoma.

Bado naandika anavyotaka Baba, tarehe juu na jina chini, ingawa barua inafika kwenye simu yako kabla sijaiweka yangu mezani. Kupiga kwa intaneti huku kumefungwa, na kwa kadi dakika zinaisha Mama akiwa bado anauliza kama nakula. Kwa hiyo wasomee yote, polepole.

Mwezi uliopita mvua ya mwaka mzima ilinyesha Doha kwa siku moja. Njia za chini ya barabara zilijaa maji, shule zikafungwa, na baba wa nyumba ninamofanya kazi alirudi kwa miguu, kanzu ameipandisha magotini. Nilicheka jikoni. Dereva wetu, Mkenya anayeitwa Nahashon, hakucheka. Mei mwaka huu alikuwa akifanya kazi Salala, Oman, kimbunga kilipopiga. Aliniambia: "Dada, wewe unaogopa upepo bure. Upepo ni kelele tu. Ile kitu humaliza watu ni maji, na mtu kusema ngoja kwanza."

Akaniuliza kwetu ni wapi. Nikamwonyesha Msimbati kwenye ramani ya simu. Aliutazama ule ulimi wa mchanga, bahari huku na bahari kule, akasema, "Sasa hapa mkiambiwa mtoke, mnatokea wapi?"

Wewe ndiye mtendaji wa kijiji, kwa hiyo swali ni lako. Msimu wa vimbunga katika bahari yetu unaanza mwezi huu na kwisha Aprili. Nataka kujua mambo matatu: nani anawaambia watu, wanakwenda wapi, na kwa gari gani.

Nimekula.

Mdogo wako,
Arafa

*

Msimbati
Jumatano, 14 Novemba 2018

Mdogo wangu Arafa,

Barua yako nimeisoma barazani mbele ya wazee wote wawili. Baba amefurahi kwa tarehe. Mama ameuliza kanzu ya bosi wako ilikuwa ya rangi gani.

Nina miaka minne katika kazi hii. Nimeulizwa habari za vyoo vya shule, mbuzi walioingia shambani, mipaka ya viwanja, na mume aliyekimbilia Lindi. Habari za kimbunga, wewe ni wa kwanza. Nilitaka kucheka, lakini Baba hakuniacha. Alisema kile cha mwaka hamsini na mbili anakikumbuka, alikuwa na miaka minane. Kilikuja Aprili, mvua zimeshaanza kupungua na watu wanaanika mihogo. Anasema asubuhi ya siku ile anga lilikuwa safi kabisa, na ndiyo sababu hakuna aliyeondoka.

Mama akamjibu, "Basi mwambie huyo dereva aje atuhamishe yeye."

Majibu yako: anayewaambia watu ni mimi, kwa kipaza sauti cha msikitini. Pa kwenda hapajapangwa. Gari hakuna. Nitazungumza na mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya Madimba, kule juu, kama madarasa yanaweza kutumika. Na mwenye mashamba ya chumvi ana lori. Ni mkali, lakini analo.

Usiseme sikukujibu.

Kaka yako,
Abubakari

*

Umm Salal, Doha
Jumatatu, 22 Aprili 2019

Kaka,

Hii soma mwenyewe kwanza, kisha uamue unamsomeaje Mama.

Tangu Februari, tulipompoteza Baba, nimekuandikia habari za arubaini, za kaburi na za nani ameleta nini. Leo si hayo. Kaskazini ya Madagaska kuna mgandamizo mdogo wa hewa unaokua. Nahashon amerudi jana kutoka Pasaka yao kule Mesaimeer, yaliko makanisa, akafungua simu, akanionyesha. Mistari ya utabiri inatoka Komoro kwenda magharibi. Mmoja unapita kusini ya Ruvuma. Mmoja unapita juu ya paa letu.

Mwezi uliopita Beira, kule Msumbiji, ilizama kwa kimbunga. Wale nao waliambiwa mapema.

Watu huko watasema msimu umekwisha. Haujaisha. Kwa watu wa Madagaska msimu ni Januari na Februari. Kwa sisi, kama Baba alivyosema, ni Aprili, wakati kila mtu ameshaacha kuutazama.

Nakuomba ufanye mambo haya leo, si kesho. Zungumza na mwenye lori. Thibitisha madarasa ya Madimba. Na Mama awe katika safari ya kwanza, kwa sababu nyumba yake ndiyo ya mwisho kabla ya maji.

Najua yuko edani, na mjane hatoki nyumbani. Najua amebakiza mpaka katikati ya Juni. Ndiyo maana nimekuambia usome mwenyewe kwanza.

Arafa

*

Msimbati
Jumanne, 23 Aprili 2019

Arafa,

Kimeshapewa jina. Redio inasema wa pwani na mabondeni tujiandae kuhama, na kwamba huenda kikafika Alhamisi usiku. Madarasa nimeyapata. Lori nimelipata, baada ya matusi.

Mama sijampata.

Niliketi kizingitini kwake asubuhi. Nakuandikia maneno kama yalivyokuwa.

"Mama, kuna kimbunga."

"Nimesikia redio."

"Watu wa huku chini wanatakiwa wahame."

"Wahame."

"Na wewe pia."

"Mimi nina eda, Abubakari. Baba yako alinioa katika nyumba hii, akafia katika nyumba hii, nami nitamalizia humuhumu. Juni ikifika, nialike popote unapotaka."

Nikamwambia Juni huenda nyumba isiwepo. Akasema, "Basi utajua umenialika mapema mno."

Jambo hili lingekuwa letu wenyewe kama Mama angekuwa mwanamke mwingine. Lakini unajua yeye ni nani hapa. Karibu kila mwanamke wa mtaa wa pwani amechezwa unyago mikononi mwake, na Mama ndiye aliyemfundisha kukaa na mume, kukaa na mtoto, na kukaa eda. Nilipita nyumba kwa nyumba na kipaza sauti cha mkono. Kwa Bi Somoye nilisimamishwa mlangoni.

"Mtendaji, mama yako umeshamtoa?"

"Tunazungumza naye."

"Haya, zungumzeni. Akitoka, nitamfuata. Asipotoka, usiniletee tarumbeta yako hapa, mimi nina wajukuu wanalala."

Nyumba iliyofuata wakanijibu hivyohivyo, na ya tatu. Wanaume wengi wako tayari. Wake zao wanatazama mlango wa Mama, na wanaume wanawatazama wake zao.

Kwa hiyo si Mama peke yake. Ni nyumba zaidi ya sitini. Mimi nimefika mwisho. Huko ulipo kuna masheikh wakubwa. Mama hatanisikiliza mimi katika jambo la dini, ananiona bado ni yule aliyekuwa akitoroka chuo cha Kurani. Nitafutie jibu.

Abubakari

*

Umm Salal, Doha
Jumatano, 24 Aprili 2019, asubuhi

Kaka,

Jibu limepatikana. Hili msomee Mama kama lilivyo, usipunguze wala usiongeze.

Humu ndani yumo mama mzazi wa baba wa nyumba. Tunamwita Mama Hissa. Naye ni mjane, amekaa eda yake miaka mingi iliyopita. Nilikuwa nikimkanda miguu jana jioni, akaniuliza kwa nini narudia mguu uleule. Nikamweleza. Hakuniacha nimalize. Aliomba simu yake, akampigia sheikh anayewasomesha wajukuu, na kumwambia kwa sauti iliyofika mpaka getini: "Nina binti hapa, mama yake anataka kufa maji kwa ajili ya Mungu, na Mungu hakumwomba. Mwambie."

Sheikh aliniuliza maswali kwa utaratibu: nyumba iko umbali gani na bahari, tahadhari imetolewa na nani, huko aendako atakuwa na nani. Kisha akasema haya, nami nikayarudia mbele yake mara mbili ili nisikosee:

"Mjane anakaa eda katika nyumba aliyofiwa. Akihofia nafsi yake, kwa moto, au mafuriko, au nyumba kuanguka, anaruhusiwa kutoka kwenda penye usalama. Eda yake haivunjiki. Inaendelea hukohuko."

Mama, kama unasomewa hapa: Mama Hissa anakusalimu. Anasema yeye katika eda yake alitoka kwenda kung'olewa jino, na hajutii.

Arafa

*

Msimbati
Jumatano, 24 Aprili 2019, mchana

Arafa,

Mama amekubali. Atapanda lori la kwanza kesho asubuhi. Nakimbilia Madimba kupanga madarasa. Mshukuru sana bibi huyo.

Abubakari

*

Umm Salal, Doha
Jumatano, 24 Aprili 2019, alasiri

Kaka,

Alhamdulillahi. Mama Hissa ameagiza watu wagawiwe tende, na mimi nimemaliza kupiga pasi nguo za siku mbili kwa saa moja.

Nahashon nilimwambia uani akiosha gari. Alisema "Poa," akaendelea kuosha. Halafu akazima mpira wa maji, akaniuliza, "Na kesho usiku mama analala wapi?"

Nikamjibu, shuleni Madimba. Akasema, "Umemuuliza, ama unasema tu?"

Sijakuuliza. Nithibitishie.

Arafa

*

Msimbati
Jumatano, 24 Aprili 2019, baada ya magharibi

Mdogo wangu,

Huyo dereva wako ameona nilichokosa mimi niliyekaa na Mama uso kwa uso.

Nilipopata ujumbe wako nilikwenda kwa Mama moja kwa moja. Nikamkuta amefunga kikapu kimoja kidogo: chupa ya chai, mihogo ya kuchemsha, msahafu na mkeka wa kuswalia. Nikamuuliza shuka iko wapi.

"Shuka ya nini?"

"Ya kulalia, Mama."

"Nitalala kwangu. Mjane ana ruhusa ya kutoka mchana kwa haja, usiku akarudi kulala nyumbani kwake. Hilo nilifundishwa, na nimelifundisha. Nitakwenda Madimba asubuhi ili watu wako watoke. Magharibi lori linirudishe."

"Mama, kimbunga chenyewe kinatazamiwa usiku."

"Basi kitanikuta nimelala."

Nikamsomea tena maneno ya sheikh. Alinisimamisha palepale nilipotaka kupita haraka.

"Rudia hapo. Akihofia nini?"

"Akihofia nafsi yake."

"Ehe. Mimi nafsi yangu siihofii. Nimeshazika mume na watoto wawili, nimeishi miaka sabini na tatu, nikiondoka leo sina ninachodai. Hiyo ruhusa ya Arafa ni ya mtu mwenye hofu. Unataka nimdanganye Mungu kwamba naogopa, ili nipande lori la chumvi?"

Ukimwambia Mama aogope ni sawa na kumwambia awe mfupi.

Nimemwambia ukweli: kama atarudi magharibi, wanawake wote watarudi naye, na watoto wao. Akanitazama, akasema niende nikale, nimekonda.

Upepo bado haujaanza. Anga ni safi. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Abubakari

*

Msimbati
Alhamisi, 25 Aprili 2019, asubuhi

Mwanangu Arafa,

Anayeandika hapa ni wifi yako. Maneno ni yangu, nimemkataza kuyapamba.

Kaka yako alipoondoka jana, niliswali isha nikajinyoosha. Haukupita muda, mlango ukagongwa. Alikuwa Somoye, na wajukuu wake wanne na godoro. Nikamuuliza kulikoni. Akasema, "Kwako ni tofali, Bi Fatuma, kwangu ni udongo. Kama unabaki, tunabaki wote." Nikamwambia apite. Nyuma yake wakaja wengine. Mmoja ana mtoto hajamaliza arubaini. Mpaka chumba kikajaa, na ukumbi, na wengine wamekaa ukutani kwa jiko. Wamekuja na sufuria zao kana kwamba nimewaalika ngomani.

Hawakuwa na wasiwasi hata kidogo. Hilo ndilo nililoliona. Walikuwa wanacheka. Kisha yule mwenye kichanga akaniuliza, "Bi Fatuma, maji yakiingia tufungue milango au tufunge?"

Mimi nimewajibu wanawake wale kila walichowahi kuniuliza. Hili sikulijua. Na wote walikuwa wakinitazama.

Hapo nikaogopa, Arafa.

Sasa nataka umuulize sheikh wako swali, na umuulize sawasawa. Alisema mjane akihofia nafsi yake. Kwa nafsi yangu sina hofu hata sasa, na sitasema ninayo. Lakini nina hofu kwa hawa walioketi kwangu kwa sababu mimi nimeketi. Je, hofu ya namna hiyo inahesabiwa?

Muulize. Ila jibu sitalisubiri. Lori limeshasimama nje, na mwenye lori anapiga honi kama ana harusi. Nimemwambia wifi yako aweke shuka kikapuni. Tunakwenda kulala huko, usiku huu na hata wa kesho ukibidi. Jibu likiwa hapana, nitalijibu mimi mbele ya aliyeniumba.

Usilie. Una kazi za watu.

Mama yako,
Fatuma

*

Umm Salal, Doha
Ijumaa, 26 Aprili 2019

Kaka,

Tangu barua ya Mama jana asubuhi sijapata kitu. Nimekuandikia mara tano, ujumbe haufiki. Wifi naye simu yake haiiti.

Habari za hapa zinasema kimbunga kilipiga jana jioni upande wa Msumbiji. Wanaonyesha paa za nyumba zimelala barabarani na minazi imekatika katikati. Hawasemi lolote kuhusu sisi. Sijui kama hawasemi kwa sababu hakuna kitu, au kwa sababu hakuna aliyebaki wa kuwaambia.

Swali la Mama nililipeleka jana ileile, kabla ya adhuhuri. Sheikh alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, "Ameshatoka au anasubiri?" Nikasema ameshatoka. Akasema, "Hofu kwa ajili ya watu ni hofu. Mwambie usiku atakaolala huko umo katika eda yake, hana cha kulipa." Halafu akaomba jina la Mama, amtaje katika dua.

Mama Hissa amenikataza kwenda jikoni leo. Nimekwenda, maana kukaa chumbani ni kubaya zaidi. Nahashon yuko nje, mara kwa mara ananiletea simu yake nione ramani. Leo ni siku yake ya kanisa, maana huku hata Wakristo husali Ijumaa, na hakwenda.

Niandikie hata neno moja.

Arafa

*

Madimba
Jumapili, 28 Aprili 2019

Mdogo wangu Arafa,

Wote tuko hai. Mama yuko hai. Nisamehe kwa kimya, mtandao ulikatika Alhamisi jioni na umerudi leo asubuhi.

Nakupa habari kwa mpangilio.

Mama alitoka nyumbani Alhamisi jua likiwa limeshapanda. Somoye na wanawake watatu walimzunguka wakiwa wameshika kanga nne juu, pande zote, kama chumba kinachotembea. Alitoka na chumba chake mpaka kwenye lori. Ndani ya lori wakazifunga zile kanga kwenye vyuma, akaketi katikati. Hakuna mwanamume aliyemwona, ila kila mtu alijua aliyemo. Nilikuwa na kipaza sauti mkononi na sikukihitaji. Lori lilikwenda na kurudi mchana kutwa. Wale wa nyumba za udongo walipomaliza, wakaja hata wa mtaa wa juu ambao hatukuwaita. Kufikia alasiri mtaa wa pwani ulikuwa na kuku tu, na mzee mmoja aliyebebwa kwa nguvu na wanawe, akiwatukana njia nzima.

Madimba tulijaa madarasa yote. Mama tulimtengea pembe ya darasa la tatu, kanga zilezile zikatundikwa. Usiku kucha tulikaa tukisikiliza.

Hakikuja.

Ulikuja upepo wa kawaida na manyunyu. Asubuhi nilishuka Msimbati na mwenye lori. Makuti machache yameanguka. Bahari haikupanda kupita pale inapopanda siku zote. Nyumba ya Mama haijakosa hata kigae. Kitu pekee kilichoanguka kijijini ni ubao wa matangazo nilioubandikia tahadhari.

Kimegeuka kusini, kikawapiga wa ng'ambo ya Ruvuma. Tunaanza kusikia habari za Macomia na Ibo, na si nzuri. Kuna watu hapa wana ndugu huko na hawajawapata.

Wapo wanaoshukuru. Lakini tangu jana wapo pia wanaocheka. Mwenye lori anadai nimemtia hasara kwa ajili ya umande. Watoto wananiita Mtendaji Manyunyu. Hayo nayaweza. Lililoniuma ni la Bi Somoye. Leo asubuhi kwenye foleni ya uji alisema kwa sauti, ili asikike nyuma ya zile kanga: "Haya, eda imetolewa matembezi. Wengine wanakwenda Maka, sisi tumehiji Madimba." Watu wakaangua kicheko.

Tunawarudisha watu leo, baada ya redio kuondoa tahadhari. Nilimsomea Mama jibu la sheikh. Alisema tu, "Vizuri." Hakusema zaidi, na mimi namjua akinyamaza.

Nina hofu moja, nami nakuandikia wewe kwa sababu hapa sina wa kumwambia. Mwaka mwingine, redio ikisema tena, nani atatoka? Nimetumia jina la Mama mara moja, na nimepewa manyunyu.

Kaka yako,
Abubakari

*

Umm Salal, Doha
Jumatatu, 29 Aprili 2019

Kaka,

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama. Kisha nikaketi.

Nilimwonyesha Nahashon mahali ulipoandika "hakikuja". Aliniambia kwamba mwaka uliopita kule Salala kulikuwa na mtaa mmoja uliohamishwa na maji hayakufika. Wale watu waliwacheka waliowahamisha, wakarudi kulala. Nikamuuliza ikawaje baadaye. Akasema, "Hakuna baadaye bado. Hicho ndicho kinaniogopesha."

Mtendaji Manyunyu ni jina zuri. Lichukue. Mtu anayecheka leo yuko hai, na anakumbuka njia ya Madimba kwa miguu yake.

Kuhusu Somoye, usimjibu wewe. Mwachie Mama.

Arafa

*

Msimbati
Jumamosi, 4 Mei 2019

Mwanangu Arafa,

Anaandika wifi yako. Nimemkataza kupamba, na safari hii pia amekubali shingo upande.

Nimerudi nyumbani kwangu. Naendelea na eda yangu, nimebakiza mwezi na kitu. Mwezi wa Ramadhani uko mlangoni, wasalimie wote hapo. Mama Hissa mwambie kwamba mimi meno yangu bado yapo, lakini nimemwelewa.

Kaka yako ana mawazo. Anadhani nimeaibishwa. Ananiletea samaki wakubwa wakubwa kana kwamba naumwa. Mwambie aache, samaki ni ghali.

Jana niliwaita wanawake wa mtaa wa pwani. Edani sitoki, lakini kuingiwa naingiwa. Walikuja wote, hata wale waliocheka, maana walidhani nimewaita kuwalaumu na walitaka kuona. Hawakutaka kukosa.

Sikuwalaumu. Niliwauliza lile swali la yule mwenye kichanga: maji yakiingia, tufungue milango au tufunge? Kila mmoja akasema lake. Mmoja akasema tufunge, mmoja tufungue, mmoja tupande darini, na hapa hakuna nyumba yenye dari. Walibishana mpaka chai ikapoa. Nikawaacha. Walipochoka nikawaambia: hamjui, nami sijui, na hakuna wa kutufundisha kwa sababu waliojua ni wale wa mwaka hamsini na mbili, na wa mwisho wao nimemzika Februari. Sasa mtu asiyejua afanye nini maji yakiwa mlangoni, anatakiwa asiwepo mlangoni. Basi.

Kisha tukagawana kazi. Mwenye mgonjwa, nani atambeba. Mwenye watoto wengi, nani atachukua wawili. Nani atapika Madimba, maana uji ule wa mtendaji ulikuwa maji ya chumvi. Tumekubaliana kila Aprili ikiingia tutakutana tena, iwe kuna redio au hakuna, na wasichana watakaochezwa mwaka huu watafundishwa hili pamoja na mengine. Hilo nimeliongeza mimi, na sikumuuliza mtu.

Somoye alikuwa amekaa karibu na mlango, hakusema neno wakati wote. Unamjua, hawezi kuondoka hivihivi. Watu walipoanza kuinuka, akasema mbele yao:

"Bi Fatuma, nakuuliza kwa heshima. Mwakani wakisema tena kinakuja, na anga jeupe kama lile, na sheikh wa Uarabuni yuko mbali, wewe utatoka?"

Nikamwambia, "Nitatoka. Na wewe utatoka mbele yangu, Somoye. Maana mwakani sina eda. Nitakuja kukutoa mwenyewe."

Mama yako,
Fatuma